Apewaye Masikio Apewe na Mipaka

Hakuna dola isiyohitaji kujua yanayopangwa nje ya mipaka yake. Nahodha asiyetazama upepo huzamisha chombo pamoja na waliomo. Kwa hiyo serikali inapotaka idara yake ya upelelezi wa nchi za nje iongezewe madaraka, ombi hilo si la kubezwa. La kuuliza ni moja tu: nani atakayeichunga idara hiyo ikisha kuongezewa?

Yaliyotokea Ujerumani yafaa kuzingatiwa. Idara ya upelelezi ya nchi hiyo, BND, iliundwa mwaka 1956. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria iliyoiruhusu, ikiwa ndani ya Ujerumani, kunasa mawasiliano ya wageni walioko nchi za nje. Serikali ilishikilia kwamba siri ya mawasiliano iliyomo katika Katiba haimkingi mgeni aliye mbali.

Waandishi wa habari wa nchi mbalimbali hawakuridhika, wakaenda mahakamani. Mei 19, 2020, Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe iliamua kwamba dola ya Ujerumani hufungwa na Katiba yake hata inapotenda nje ya ardhi yake. Wala Mahakama haikuupiga marufuku upelelezi. Ilisema uendelee, bali kwa masharti ya wazi na chini ya usimamizi huru. Bunge likatunga sheria mpya Machi 2021, na tangu Januari 1, 2022 kuna Baraza Huru la Udhibiti, ambalo chombo chake cha kihakimu huzipima hatua nzito kabla hazijatekelezwa.

Mtu wa kisiwani atasema: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mama wa Unguja au Pemba anapozungumza na mwanawe aliyeko Hamburg, sauti yake husafiri kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ikapita katika nchi asizozijua. Yeye ndiye yule mgeni wa mbali aliyekuwa akibishaniwa Karlsruhe.

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, sauti za kutaka BND izidishiwe nguvu zimepanda tena, na hofu hiyo ina msingi. Lakini hofu isiwe sababu ya kuvunja kufuli lililowekwa juzi.

Nao maofisa wasidhani kwamba ukaguzi ni kutoaminiwa. Ofisa mwadilifu hapungukiwi na kitu kwa kukaguliwa. Bali hupata kinga mbele ya mkubwa atakayetaka kuzitumia siri za taifa kulipiza kisasi chake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi na kata yenyewe iwe na mwenye kuitazama.

Usalama wa nchi na heshima ya mtu si mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Sheria njema huwalisha wote.