Desturi za Timu za Kuogelea katika Vitongoji vya Washington

Katika vitongoji vinavyouzunguka mji wa Washington nchini Marekani, upande wa jimbo la Maryland na upande wa jimbo la Virginia, majira ya joto huhesabiwa kwa mabwawa. Huanza wikendi ya Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, ambapo mabwawa ya mitaa hufunguliwa, na huisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi, ambapo hufungwa. Vitabu vingi vya Kiswahili huyaita majira hayo kiangazi, ingawa jina hilo laweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa Julai ya Washington ina mvuke mzito na ngurumo za jioni zinazowatoa watoto majini mbio. Katika kipindi hicho watoto wa umri wa miaka mitano au sita hadi 18 huogelea katika timu za mitaa yao, na wazazi wao hujikuta wamejiunga pia, wapende wasipende. Jambo hili la pili ndilo ambalo familia ngeni huchelewa kulifahamu, maana timu hizi zina sura ya michezo, lakini mwenendo wake ni wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya inadaiwa mchango wa mikono yake.

Ligi mbili kubwa za eneo hilo zinakaribiana umri. Ligi ya Northern Virginia ilianzishwa mwaka 1956, na ile ya Kaunti ya Montgomery, iliyo upande wa Maryland, ilifuata mwaka 1958. Hiyo ndiyo miaka ambayo familia nyingi zilihamia katika nyumba mpya za vitongojini, zikachanga fedha na kuchimba mabwawa yao wenyewe. Bwawa la aina hiyo kwa kawaida si mali ya serikali wala ya mfanyabiashara. Ni la chama cha majirani ambamo kila familia hununua hisa au kulipa kiingilio, kisha hutoa ada kila mwaka na kuchagua kamati ya uongozi. Kwa hiyo, gharama inayoishtua familia ngeni aghalabu si ada ya timu, ambayo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya klabu za mwaka mzima, bali ni gharama ya kuingia katika chama chenyewe, ambako wakati mwingine mwombaji husubiri miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi.

Swali la nani ahesabiwe kuwa jirani halikuwa dogo. Mwanahistoria Jeff Wiltse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mabwawa ya umma ya Marekani, ameonyesha jinsi Wazungu wengi walivyoyakimbia mabwawa ya miji baada ya sheria za ubaguzi kuanza kufutwa, wakajenga ya kwao mahali ambapo mlango ungeweza kulindwa. Mashauri mawili yaliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani yalitoka katika vitongoji hivi hivi. La kwanza lilihusu chama cha Little Hunting Park, katika Kaunti ya Fairfax, ambako mwanachama Mzungu alimpangisha mtu mweusi nyumba yake na kumhamishia hisa iliyofungamana na nyumba hiyo. Chama kikaikataa hati ya uhamisho, kisha kikamfukuza mwanachama mwenyewe alipolalamika. Mwaka 1969 mahakama iliamua dhidi ya chama, ikitegemea sheria ya mwaka 1866 iliyowapa raia wote haki sawa za mali. La pili lilihusu bwawa la Wheaton-Haven, huko Maryland, ambalo uanachama wake ulikuwa na ukomo wa familia 325 na uliwapa kipaumbele wakazi wa eneo la robo tatu za maili, yaani kama kilomita 1.2, kutoka bwawani. Familia ya watu weusi iliyonunua nyumba ndani ya eneo hilo ilinyimwa nafasi ya kuomba uanachama, na mwaka 1973 majaji wote kwa kauli moja walikataa hoja kwamba chama hicho kilikuwa klabu ya faragha isiyoguswa na sheria. Familia ya Kiafrika inayojaza fomu leo haina haja ya kuyajua hayo ili mtoto wake aogelee, lakini ikiyajua itaelewa kwa nini katika baadhi ya mabwawa wenyeji weusi wa makamo husalimia kwa uangalifu kidogo.

Mazoezi huanza mwishoni mwa Mei, wakati wa jioni, kwa kuwa shule huwa hazijafungwa, na maji ya wiki hizo huwa baridi kiasi cha kumfanya mtoto atoke midomo ikimtetemeka. Shule zikifungwa katikati ya Juni, mazoezi huhamia asubuhi. Ifahamike kwamba timu si mahali pa kumfundisha mtoto kuelea: kwa kawaida anayejiunga hutakiwa awe tayari anaweza kuvuka bwawa la mita 25 bila kushika kamba wala kukanyaga chini, na asiyeweza hupelekwa kwanza kwa mwalimu. Kisha hufuata majaribio ya muda, ambapo kila mtoto hupimwa katika mitindo minne, nayo ni mtindo huru, mtindo wa mgongo, mtindo wa chura na mtindo wa kipepeo, na orodha ya walio mbele na walio nyuma hubandikwa ukutani mbele ya macho ya mtaa mzima.

Watoto hugawanywa kwa marika, na hapa neno rika latumika kwa maana yake kamili. Ligi ya Northern Virginia inayo marika matano: miaka minane na chini yake, tisa hadi kumi, 11 hadi 12, 13 hadi 14, na 15 hadi 18, na umri unaohesabiwa ni ule wa tarehe 1 Juni, hata mtoto akizaliwa tarehe 2. Marika matano kwa jinsia mbili na mitindo minne hufanya mbio 40 za mtu mmoja mmoja, na baada yake huja mbio za kupokezana. Timu hupangwa sita sita katika madaraja kulingana na nguvu zao, hivyo kila moja hukutana na nyingine tano katika Jumamosi tano. Katika shindano la Jumamosi, linaloitwa kwa herufi A, kila timu huingiza watatu tu katika kila mbio. Wa kwanza huipatia timu yake pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja, na waliobaki hawapati kitu. Watoto ambao hawakuchaguliwa huogelea katika shindano la B la katikati ya wiki, na huko ndiko wengi hukulia, kwa kuwa mtoto hushindana na muda wake mwenyewe wa wiki iliyopita.

Mzazi anayehudhuria kwa mara ya kwanza hushangazwa na hesabu ya Jumamosi. Mtoto huamka alfajiri, huandikwa mkononi kwa wino usiofutika namba za mbio zake na za mistari yake, kisha hukaa saa tatu au nne chini ya turubai akicheza karata na wenzake, ilhali muda anaokuwa majini, akiwa na mbio mbili, haufiki dakika tatu. Muda uliobaki ni wa timu, na watu wazima ndio wanaoujaza. Bwawa la mistari sita huhitaji washika saa watatu katika kila mstari, ambao ni watu 18, na muda rasmi ni ule wa katikati: saa zikisoma sekunde 18.42, 18.50 na 18.61, mtoto huandikiwa 18.50. Zaidi ya hao wapo mwamuzi mkuu, mwanzishaji wa mbio, waamuzi wa mitindo, wanaowapanga watoto kabla ya mbio, waandishi wa matokeo, wabandika tepe za zawadi na wapishi wa kibanda cha vyakula. Wote hao ni wazazi wasiolipwa, na wengine, hasa waamuzi, hutakiwa kuhudhuria mafunzo kabla ya msimu. Timu nyingi huweka idadi ya zamu kwa kila familia na kutoza faini kwa anayezikwepa, ingawa faini haiumi kama macho ya mwenzio aliyesimama juani asubuhi nzima kwa niaba yako. Anayetaka heshima ya haraka mtaani na aombe kushika saa, kazi isiyohitaji ujuzi wowote na inayompa mahali pazuri kuliko pote pa kutazamia.

Uamuzi wa mitindo ndio unaoleta machozi. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, mikono miwili sharti iguse ukuta kwa pamoja, na katika mtindo wa mgongo mwogeleaji humaliza akiwa bado chali. Mtoto wa miaka saba aliyetangulia wenzake wote, kisha akagusa kwa mkono mmoja, huenguliwa, na karatasi yenye sababu huandikwa na kufikishwa kwa kocha. Mzazi hapaswi kumfuata mwamuzi. Mwenye haki ya kuuliza ni mwakilishi wa timu peke yake, tena kwa mwamuzi mkuu. Desturi hiyo ni nzuri, kwa sababu mwamuzi mara nyingi ni jirani ambaye shule zikifunguliwa watoto wake watapanda basi moja na wa mlalamikaji.

Usiku wa kuamkia shindano hufanyika mkusanyiko wa kutiana ari, wenye nyimbo, migongo iliyoandikwa maneno ya kuwakejeli wapinzani na sinia za tambi, zinazoliwa kwa imani kwamba hutia nguvu, kana kwamba mita 25 ni safari ya jangwani. Timu nyingi pia humpangia kila mdogo mkubwa wa kumlea, ambaye humwachia vizawadi na kumsimamia kwenye mstari wa kuanzia. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atamkumbuka somo, yule aliyemwongoza mwari katika unyago, ingawa hapa hakuna siri inayofundishwa isipokuwa namna ya kupiga kelele bila kukauka koo.

Katie Ledecky, aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 15, alianza akiwa na miaka sita katika bwawa la mtaa la Palisades, huko Maryland. Jina lake hutajwa sana, pengine kupita kiasi, maana wazazi wengine hulichukua kama ahadi na kuwahamishia watoto wao katika klabu za mwaka mzima kabla hawajaanza kuyapenda maji.

Familia za Kitanzania na Kikenya zinazoishi katika vitongoji hivyo huleta jambo lao wenyewe. Mtoto aliyejifunza kuogelea baharini huelea na kupiga mbizi bila woga, lakini hukuta mwendo wake hauna jina katika ile mitindo minne, na huanza upya pamoja na wadogo. Akina mama huuliza habari za nywele, na swali hilo lina uzito kuliko makocha wengi wanavyodhani: shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa kofia pana za nywele za kusukwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na likaziidhinisha mwaka 2022 baada ya kulaumiwa sana.

Mashindano huisha mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Kamba za mistari huviringishwa, majina ya waliovunja rekodi huandikwa kwenye ubao ulio karibu na lango, na bwawa hurudi kuwa la wanaojipumzisha. Septemba, bwawa likishafungwa kwa watu, baadhi ya vyama huwaruhusu wanachama kuleta mbwa wao, nao huogelea katika mistari ile ile, kila mmoja kwa mtindo wake, bila kuenguliwa na mtu.