Picha za Safari ya Kusini Zatufundisha Kutumaini

Katika nyumba zetu nyingi kuna albamu ya picha inayokaa kabatini chini ya mashuka, au bahasha kuukuu iliyofungwa kwa uzi. Mgeni akija, mama huitoa na kuanza kueleza: hapa tulikuwa njiani kwenda arusini Ruangwa, hapa tulikwenda kumzika babu Nachingwea, hapa mtoto wa kwanza alikuwa bado mgongoni. Siku za raha albamu hiyo ni burudani. Siku za dhiki ina kazi kubwa zaidi, na ndiyo tunayotaka kuzungumza nawe, mama msomaji, mwezi huu.

Tumechagua Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa sababu watu wa huko wamejifunza kungoja. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja kabla Ruangwa haijajitegemea, na historia yao ina mambo mengi yaliyoanza kwa shangwe yakaishia njiani.

Foleni ya pantoni

Waliosafiri kwenda kusini miaka ya 1980 na 1990 wanaijua adha ya barabara ile. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikikolea, mabasi yalikwama kwenye tope na abiria walilala njiani. Ukizitazama picha za safari hizo utaona akina mama wameketi juu ya mizigo, watoto wamelazwa juu ya khanga, na sufuria iko motoni kando ya barabara. Watu wasiojuana walikula sahani moja.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na pantoni ikabaki kuwa hadithi. Watoto wetu wakiiona picha ile huuliza, "Mama, kwa nini mlikaa hapo?" Hapo ndipo mama hupata nafasi ya kuwaambia kwamba shida iliyoonekana haina mwisho iliisha. Wala hatusemi kwamba shida hazirudi. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Kilwa, wasafiri wakakwama tena. Lakini aliyekwisha kulala kando ya Rufiji na akafika kwao hangoji kama yule asiyewahi kufika.

Reli iliyoondoka

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikachimbuliwa kwa ajili ya mzigo uliotarajiwa. Karanga hazikuja. Mvua zilikuwa haba, ardhi nyingine ilikuwa ngumu, na mipango ilifanywa kwa haraka na watu wasioijua nchi. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, makumi ya mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Hata leo iko kata ya Nachingwea inayoitwa Stesheni. Treni haipiti tena, lakini watu wanalima ufuta, mbaazi na korosho, watoto wanasoma, na kengele za makanisa zinalia. Mipango ya wakubwa ilipokufa, akina mama wa Nachingwea hawakuacha kupika chakula cha jioni. Hilo nalo ni tumaini, ingawa halina kelele.

Mwanamke aliyekufa kijana

Nachingwea pia ilikuwa na kambi kubwa ya FRELIMO, ambako wapigania uhuru wa Msumbiji walifundishwa chini ya Samora Machel. Picha za siku zile zinaonyesha wasichana waliovaa sare za kijeshi. Mmoja wa wanawake wa kikosi hicho alikuwa Josina, aliyefunga ndoa na Samora mwaka 1969 na kumzalia mtoto wa kiume mwaka huo huo. Josina aliwahangaikia sana watoto yatima wa vita. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 25.

Hakuuona uhuru, ambao ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Lakini nchi yake iliifanya tarehe ya kifo chake kuwa Siku ya Wanawake wa Msumbiji. Tukiitazama picha yake akitabasamu katikati ya vita, tunajifunza kwamba tumaini la mama halipimwi kwa yale atakayoyaona kwa macho yake mwenyewe. Wengi wetu tunapanda korosho ambazo wajukuu ndio watakaoziokota.

Msimu wa malipo yaliyochelewa

Dhiki nyingine iko karibu zaidi. Mwaka 2018 wakulima wa korosho wa kusini walikataa bei ndogo ya wanunuzi. Mwezi Novemba serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikatumia jeshi kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ulichukua muda, na wengine walingojea fedha zao hadi mwaka 2019. Katika nyumba za Nachingwea na Ruangwa ada za shule zilikuwa zinadaiwa, na duka la jirani limechoka kukopesha.

Wakati kama huo ndipo baba na mama huanza kulaumiana. Mama mwenye hekima anaweza kuitoa ile albamu jioni, bila hotuba. "Baba fulani, unakumbuka siku tulipolala Ndundu na hatukuwa hata na nauli ya kurudia?" Pengine baba atacheka. Deni halitalipwa kwa kicheko hicho, lakini wawili hao wataliendea deni wakiwa upande mmoja.

Mawe ya Yordani

Jambo hili si geni katika Maandiko. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagizwa mawe kumi na mawili yatolewe mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake wazazi wapate kuwasimulia (Yoshua 4). Mwandishi wa Maombolezo naye, katikati ya machozi, alizikumbuka makusudi huruma za Bwana, na hapo ndipo akapata tumaini (Maombolezo 3). Picha zetu ni mawe yetu.

Lakini tujihadhari. Mke wa Lutu alitazama nyuma kwa sababu moyo wake ulibaki huko. Kama picha zinatufanya tudharau nyumba tuliyo nayo leo, au tumlinganishe mume wa sasa na yule kijana wa arusini, tuzifunge kwanza, tuombe. Na mama aliyefiwa asilazimishwe kuzitazama kabla moyo wake haujawa tayari.

Tuzitunze namna gani?

Picha za karatasi huharibiwa na unyevu, moshi, jua na mchwa. Usizihifadhi jikoni wala sakafuni. Ziweke juu, ndani ya bati au sanduku kavu. Usizibandike kwa gundi. Nyuma ya kila picha andika taratibu kwa penseli majina, mahali na mwaka, maana wino hupenya na kuchafua. Zilizoanza kufifia zipige upya kwa simu, mahali penye kivuli chenye mwanga, kisha mpe ndugu mwingine nakala. Simu ikipotea, kumbukumbu isipotee nayo. Kaa na bibi angali hai umwulize ni nani aliyesimama nyuma kushoto.

Tena, mama, nawe uingie kwenye picha. Mara nyingi picha inapigwa wewe ukiwa jikoni, na baadaye watoto hukutafuta wasikuone. Acha mwiko, jifunge kitenge chako, usimame nao, hata kama mwaka huu ni mgumu. Hasa kama ni mgumu. Siku moja watoto wako watahitaji kuona kwamba ulikuwepo, na kwamba Mungu aliwavusha.