Mshipa wa fahamu ukifa, je, huota tena?

Baada ya kipindi chetu cha afya wiki iliyopita, tulipokea jumbe mbili zenye swali moja. Kijana mmoja alijikata kwa panga kwenye kifundo cha mkono. Kidonda kimefunga vizuri, lakini kidole chake cha mwisho hakihisi kitu. Dada mmoja naye aliandika kuhusu baba yake. Jioni moja mdomo ulipinda ghafla na mkono wa kulia ukalegea. Nyumbani wakamsugua mafuta, wakangoja siku tatu. Wote wawili wanauliza: mshipa uliokufa hufufuka?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwa kawaida tukisema "mshipa" tunachanganya vitu viwili. Kuna mishipa ya damu, ambayo ni mabomba ya kupitishia damu. Kuna na mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka habari: inaleta maumivu, joto na mguso kwenye ubongo, na kupeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mishipa hii ya fahamu imetengenezwa na seli za pekee. Seli moja ina mwili mdogo usioonekana kwa macho, na kutoka hapo hutoka uzi mwembamba ambao unaweza kuwa mrefu sana. Uzi unaofika kwenye kidole gumba cha mguu wako huanzia kwenye seli iliyo mgongoni.

Shikeni hilo la mwili wa seli na uzi wake, maana ndilo litakalotupa majibu.

Mengi tunayojua kuhusu maisha ya seli hizi yalianzia kwenye mayai ya kuku. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini nchini Italia ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na daktari kijana wa mji wa Turin, Rita Levi-Montalcini, akazuiwa kufanya kazi chuo kikuu. Hakuacha. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea ziwe visu vidogo, akaanza kuchunguza vifaranga wakiwa bado ndani ya yai. Mabomu ya vita yalipozidi mjini, familia ilihamia kijijini, naye akaendelea na kazi huko huko kwa mayai ya wakulima.

Alikuwa akikata chipukizi la mguu au bawa la kifaranga, kisha anatazama kinachotokea kwenye uti wa mgongo. Mwanasayansi Viktor Hamburger alikuwa ameshaona kwamba kiungo kikiondolewa, seli za fahamu za upande ule huwa chache, akafikiri kwamba hazikuzaliwa kabisa. Rita aliona jambo jingine. Seli zilizaliwa, zikaanza kurefusha nyuzi zake, kisha zikafa kwa sababu hazikukuta kiungo cha kuzipokea.

Baada ya vita, Hamburger mwenyewe alimwalika Marekani, mjini St. Louis, mwaka 1947. Huko, yeye na mwenzake Stanley Cohen waligundua protini inayozifanya seli hizo ziishi na kukua. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mama huyo aliishi hadi miaka 103.

Ugunduzi huo ulisaidia kueleza jambo la kushangaza: mtoto akiwa tumboni, mwili wake hutengeneza seli za fahamu nyingi kuliko zinazohitajika. Katika sehemu nyingi, takriban nusu ya seli hizo hufa kabla ya mtoto kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Ni kama unavyodondosha mbegu tatu za mahindi katika shimo moja, kisha ukapunguza miche. Seli iliyofika mahali pake na kupata chakula chake hubaki. Iliyokosa hujifunga yenyewe, husinyaa, hukatika vipande vidogo, na seli za jirani husafisha mabaki. Hakuna uvimbe wala usaha. Kifo hicho ni sehemu ya kukua.

Lakini kuna kifo kingine, na hicho ndicho kilichobisha hodi kwa baba wa yule dada.

Kiharusi cha aina inayowapata watu wengi hutokea bonge la damu linapoziba mshipa wa damu ndani ya kichwa. Seli za ubongo hazina akiba ya hewa wala sukari, kwa hiyo zilizo katikati ya eneo lililozibwa huanza kufa ndani ya dakika chache. Hufa kwa kupasuka na kumwaga sumu kwa majirani. Watafiti wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila tiba, seli milioni 1.9 hufa kila dakika kwa wastani. Ubongo wote una seli za fahamu takriban bilioni 86. Seli za pembezoni huzimia kwanza, na zinaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kufa. Hizo ndizo zinazookolewa na mtu anayewahi hospitali.

Kwa hiyo ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono haunyanyuki au maneno hayatoki sawasawa, tazama saa na ukumbuke dalili zilianza lini. Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Tafuteni usafiri wakati huo huo. Katika hospitali kubwa zenye kipimo cha picha ya kichwa, kuna dawa ya kuyeyusha bonge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Habari za kurogwa au upepo mbaya zisiwacheleweshe.

Sasa majibu. Kijana wetu, panga linaweza kuwa limekata uzi, lakini mwili wa seli ulio mgongoni huenda uko hai. Uzi wa nje ya ubongo na uti wa mgongo unaweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole ni milimita 150 hadi 200, yaani miezi mitano hadi saba. Lakini ncha mbili zikiwa zimeachana, uzi hupotea njia, na daktari wa upasuaji anahitajika kuziunganisha. Usingoje mwaka upite, kwa sababu misuli isiyopata amri hudhoofika. Nenda hospitali ukaonwe, na wakati huu kilinde kidole hicho na sufuria ya moto, maana hakitakuambia kimeungua.

Dada yetu, seli za ubongo zilizokufa hazioti tena. Hatutaki kukudanganya. Lakini zilizobaki zinaweza kujifunza kazi za wenzake, na hujifunza kwa mazoezi ya kila siku: kushika kikombe, kutembea hatua chache, kutamka maneno. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Mpeleke mzee leo, hata kama siku tatu zimepita. Apimwe presha na kisukari, kwa sababu aliyepata kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kupata tena.

Mtuandikie mkishafika. Tungependa kusikia mzee anaendeleaje.