Hisia za Mtu Anayeacha Pombe

Mtu aliyezama katika ulevi kwa miaka mingi anapoacha pombe, jamaa zake hutarajia kumwona mchangamfu, lakini mara nyingi hukutana na mtu mwenye hasira za ghafla, wasiwasi na machozi ya karibu. Hali hiyo haitokani na tabia mbaya wala unafiki, bali chanzo chake kikubwa kimo katika ubongo.

Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, na huidhoofisha glutamati, ambayo huusisimua. Ubongo wa mnywaji wa kila siku hujirekebisha kwa kupunguza utulivu na kuongeza msisimko, hivyo pombe ikiondolewa, msisimko hubaki bila kizuizi. Hapo ndipo inapozuka arosto, yaani kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi, ambayo kwa kawaida huanza katika saa 24 za kwanza. Kwa baadhi ya watu hufikia degedege au kuweweseka kunakoweza kuua, na kwa sababu hiyo mraibu wa muda mrefu hapaswi kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari.

Mwili hutulia mapema kuliko moyo. Huzuni iliyoletwa na pombe yenyewe hupungua kwa wengi ndani ya wiki 3 hadi 4; ikiendelea baada ya hapo, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni unaohitaji tiba yake. Wengine hawaoni raha katika chakula, muziki wala mazungumzo, kwa kuwa mfumo wa dopamini, kemikali inayohusika na hamu na raha, ulizoea msukumo wa pombe, na kupona kwake huweza kuchukua miezi.

Mwanasaikolojia wa Marekani G. Alan Marlatt, aliyehariri na Judith Gordon kitabu cha mwaka 1985 kuhusu kuzuia kurudia uraibu, alieleza kuwa hisia chungu ni miongoni mwa vichocheo vikuu vya kurudia pombe, na kwamba anayeteleza mara moja, kisha akajihesabu ameshindwa kabisa, husukumwa na aibu hiyo hiyo kuendelea kunywa.

Kwa hiyo familia inayomsimanga aliyeteleza humwongezea sababu ya kunywa. Inayomfaa ni ile inayomsikiliza, inayoondoa pombe nyumbani, na inayomrudisha kwa mshauri au daktari siku ile ile.