Safari ya Mwezini: Rekodi za Wenye Haraka na Wenye Subira

Kutoka duniani hadi Mwezini ni wastani wa kilomita 384,400. Njia hiyo kuna chombo kilichoimaliza kwa saa chache, na kingine kilichotumia zaidi ya mwaka. Nguvu ya roketi ina sehemu yake katika tofauti hiyo, lakini kubwa zaidi ni hili: je, msafiri anataka kusimama akifika?

Kilichopita upesi kuliko vyote: saa 8 na dakika 35

Tarehe 19 Januari 2006, roketi ya Atlas V iliruka kutoka Florida ikiwa imebeba New Horizons, chombo cha kilo 478 tu. Kiliiacha Dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 58,000 kwa saa, na usiku huohuo kikauvuka umbali wa Mwezi. Hakikuwa na shughuli huko. Kilikuwa kinaelekea Pluto, kilikofika Julai 2015. Kingetaka kusimama Mwezini, kingelazimika kubeba mafuta mengi ya kupunguzia mwendo, na kwa uzito huo kisingeipata kasi ile tangu mwanzo.

Cha kwanza kuugusa: siku moja na nusu

Luna 2 ya Wasovieti iliondoka 12 Septemba 1959 na kuugonga Mwezi bila breki yoyote. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Binadamu waliofika upesi zaidi: saa 69 na dakika 8

Rekodi hii ni ya Frank Borman, Jim Lovell na William Anders wa Apollo 8, Desemba 1968. Ili wanaswe na mvutano wa Mwezi, iliwabidi wawashe injini kwa takriban dakika nne wakiwa nyuma yake, mahali ambapo redio haifiki. Waongozaji wao huko Houston walibaki wakisubiri sauti. Injini ingegoma, chombo kingezunguka na kurudi nyumbani. Ingewaka kupita kiasi, wangeanguka Mwezini. Iliwaka sawasawa. Tangu hapo siku tatu ndizo zikawa jibu la kawaida kwa safari ya watu: wakienda upesi zaidi, breki inakula mafuta, wakichelewa, hewa, maji na chakula vinahesabika.

Aliyetangulia kuondoka, akafika salama: siku 40

India ilirusha Chandrayaan-3 tarehe 14 Julai 2023. Roketi yake haikuwa na nguvu ya kukipeleka moja kwa moja, hivyo chombo kiliizunguka Dunia kikiurefusha mzunguko hatua kwa hatua hadi kikaufikia Mwezi. Luna 25 ya Urusi iliondoka karibu wiki nne baadaye na kufika kwa siku tano tu. Tarehe 19 Agosti injini yake, iliyotakiwa kuwaka sekunde 84, iliwaka sekunde 127, na chombo kikaanguka. Siku nne baadaye Wahindi walitua karibu na ncha ya kusini, wa kwanza kufanya hivyo.

Mchepuko mrefu: miezi minne na nusu

CAPSTONE, chombo cha kilo 25 kilichorushwa kutoka New Zealand Juni 2022 kwa roketi ndogo ya Electron, kilikwenda kwanza hadi kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Huko mvutano wa Jua ulikisaidia kugeuza njia, na Novemba kikaingia kwenye mzunguko wa Mwezi kwa mafuta kidogo sana. Danuri ya Korea Kusini ilipita njia ya aina hiyo mwaka uleule.

Bingwa wa subira: miezi 13 na nusu

SMART-1 ya Ulaya iliondoka Septemba 2003 ikisukumwa na injini ya umeme ambayo nguvu yake haikuzidi uzito wa kadi ya posta kiganjani. Injini iliwashwa mara 289, ikafanya kazi jumla ya saa 3,700, na chombo kikaizunguka Dunia mara 332. Kiliufikia Mwezi Novemba 2004, miezi miwili kabla ya muda uliotarajiwa, kikiwa kimetumia kilo 59 tu za gesi ya zenoni.

Rekodi za kasi zinastahili sifa zake. Lakini kwangu mimi hizi za polepole ndizo kubwa zaidi, kwa sababu zimewafungulia Mwezi wale wasio na roketi ya Apollo wala fedha zake. Watu waende kwa siku tatu. Mizigo na vyombo vya utafiti vinaweza kungoja, na nchi yenye hesabu nzuri na subira inaweza kuvifikisha.