Je, Wajua? Dolly Parton na Nusu Aliyoikataa

Je, wajua kwamba daktari aliyemzalisha mama yake mwanamuziki Dolly Parton alilipwa gunia la unga wa mahindi? Ilikuwa siku alipozaliwa Dolly, Januari 1946, milimani Tennessee, Marekani. Dolly ni wa nne kati ya watoto 12. Alimaliza sekondari mwaka 1964, na kesho yake akaenda Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri.

Je, wajua Jolene anayetajwa katika wimbo wa Dolly alikuwa nani? Jina ni la msichana mdogo mwenye nywele nyekundu aliyemwomba Dolly sahihi baada ya onyesho. Wivu ulioujaza wimbo huo ulitoka kwingine: kwa karani wa benki aliyemchangamkia mno mumewe, Carl Dean.

Na "I Will Always Love You"? Wengi huuimba harusini, kumbe ni wimbo wa kumuaga bosi. Tangu 1967 Dolly aliimba kwenye kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, na alipotaka kujitegemea, Wagoner hakutaka hata kusikia. Kubishana kukashindikana. Dolly akarudi nyumbani, akatunga wimbo, akaja kumwimbia. Wagoner akatokwa machozi, akamruhusu aende, mradi yeye ndiye awe prodyuza wa wimbo huo.

Mwaka 1974 ukashika nafasi ya kwanza katika chati za kantri, na Elvis Presley naye akautaka. Meneja wake, Kanali Tom Parker, akaweka sharti: Elvis hauimbi mpaka apewe nusu ya haki za uchapishaji. Dolly akakataa, kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, akalia usiku kucha. Msichana wa kijijini, umri hata miaka 30 hajafika, kumkatalia Elvis! Kwangu mimi, uamuzi ule unazishinda tuzo zake zote. Watunzi wangapi wamekufa maskini huku nyimbo zao zikiwatajirisha wengine? Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, ukakaa kileleni Marekani wiki 14, na haki za wimbo zilikuwa bado mikononi mwa Dolly. Sehemu ya mapato ya toleo hilo alinunulia jengo la ofisi katika mtaa wa Wamarekani Weusi huko Nashville.

Mdundo wa wimbo wake "9 to 5" wa mwaka 1980, unaofanana na mlio wa taipureta, aliupata kwa kusuguanisha kucha zake za bandia, na kucha hizo zimo kwenye rekodi.

Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Kwa ajili yake, mwaka 1995 Dolly alianzisha mpango wa kuwapelekea watoto kitabu kimoja kila mwezi, bure, tangu kuzaliwa hadi miaka mitano. Ulianzia wilaya alikozaliwa, Sevier, ukaenea hadi Kanada, Uingereza, Australia na Ireland. Mwaka 2018 Dolly alikabidhi kitabu cha milioni 100 kwa Maktaba ya Bunge la Marekani.