Gurudumu la Mkokoteni: Kulifungua, Kulipaka Grisi na Kulirudisha



Hapa Machakos mvua ya vuli huanza mwezi wa Oktoba, nayo ndiyo wengi wetu hutegemea zaidi. Kabla haijanyesha, mkokoteni wa kikundi haupumziki: leo mbolea, kesho mawe ya matuta, kesho kutwa mitungi ya maji kutoka mtoni. Ukiharibika wakati huo, mzigo unarudi mgongoni, na mara nyingi ni mgongo wa mama.

Mikokoteni yetu mingi imeundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli kuukuu za gari. Ndani ya kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, mna beringi mbili: kubwa upande wa ndani, ndogo upande wa nje. Grisi ikikauka na vumbi likiingia, beringi husagika. Kwanza ng'ombe hulemewa, kisha gurudumu huyumba, mwishowe ekseli yenyewe huliwa. Beringi mtapata dukani, lakini ekseli ni hesabu nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kufungua

Ondoeni ng'ombe kwenye nira na shusheni mzigo wote. Wekeni mkokoteni mahali tambarare, zuieni gurudumu la pili kwa mawe, na ule mti wa mbele muuegemeze vizuri. Inueni kwa jeki, halafu wekeni gogo nene chini ya ekseli. Jeki peke yake msiiamini.

Sasa shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza sana, kuna kulegea. Lizungushe usikilize: likikwaruza kama linasaga mchanga, beringi ina shida.

Kufungua

1. Gonga kifuniko cha katikati polepole, kitoke.
2. Nyoosha ncha za pini inayoshika nati, uing'oe, kisha fungua nati. Katika baadhi ya ekseli nati ya kushoto hufunguka kinyume, kwa hiyo ikikataa usiilazimishe. Jaribu upande wa pili.
3. Toa washa na beringi ndogo. Pangeni kila kitu juu ya gunia safi kwa utaratibu kilivyotoka.
4. Watu wawili walitoe gurudumu bila kuligongesha kwenye ekseli. Ng'oa sili, ile pete ya kuzuia vumbi, ndipo beringi kubwa itoke.

Osheni vyote kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, mkaushe kwa kitambaa. Beringi yenye mashimo, ufa au rangi ya kuungua haifai tena. Ibadilisheni pamoja na kikombe chake cha chuma kilicho ndani ya habu. Na beringi za kulia zisichanganywe na za kushoto, kwani kila moja imezoeana na kikombe chake.

Kupaka na kurudisha

Weka grisi kiganjani, ukandamize ukingo mpana wa beringi humo mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu hakusaidii. Oili chafu ya injini isitumike hapa. Hutiririka ikaacha beringi kavu.

Beringi kubwa huingia kwanza, upande wake mwembamba ukielekea katikati ya habu, kisha sili. Rudisheni gurudumu, halafu beringi ndogo, nayo upande mwembamba ukitazama ndani. Fuatisheni washa na nati.

Hapa pa nati ndipo penye kazi. Mmoja azungushe gurudumu, mwingine akaze mpaka liwe zito. Kisha alegeze kidogo tu, mpaka lizunguke kwa urahisi bila kuyumba, na tundu la pini lionekane. Ikikazwa mno beringi huungua. Ikilegea mno huvunjika.

Tieni pini mpya. Msumari si pini! Ukikatika mteremkoni nati hufunguka, gurudumu likachomoka, na mtu au ng'ombe akaumia. Rudisheni kifuniko, hata kama ni cha kuchongwa na fundi, kwa sababu vumbi letu si mchezo.

Baada ya safari ya kwanza gusa habu. Ikiwa moto sana, nati imebana, legezeni kidogo. Nati za rimu pia zikazwe kila wiki.

Mjadiliane kikundini

- Mkokoteni wetu ulipakwa grisi lini mara ya mwisho? Nani anaandika?
- Nani atakayefundishwa kazi hii, na nani atamsaidia?
- Kila anayeukodi mkokoteni akilipa, mweka hazina anatenga kiasi gani cha grisi, pini na beringi?

Tunashauri kazi hii ifanywe mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Ni kazi ya asubuhi moja, na inafaa siku ya mwethya ili wengi waone na kujifunza.